Mjadala: Je, ukataji wa mkoko Lamu upigwe marufuku kabisa?

Waliotangulia kuchangia wamegawanyika. Wako wanaotaka ukataji wa mikoko upigwe marufuku katika kaunti nzima ya Lamu, kwa kuwa hapa ndipo penye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Na wako wanaosema kwamba wazee wetu walikata boriti karne na karne, na msitu ungalipo. Mimi siungi mkono marufuku ya jumla, lakini hiyo hoja ya pili nayo hainiridhishi hata kidogo, kwa sababu haiulizi mti unaokatwa ni upi na hurudi vipi.

Kenya ina aina 9 za miti ya mikoko, na mkataji yeyote wa Lamu huitofautisha: mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi na mingineyo. Mchu ukikatwa, kisiki chake hutoa machipukizi. Mkoko wenyewe, yaani ile aina moja iitwayo hasa mkoko, ambao ndio utoao boriti nyingi, hauchipui. Kisiki hufa na kuoza pale pale. Tegemeo lake ni mbegu tu, ambayo humea ingali inaning'inia mtini, ikarefuka, kisha ikaanguka na kujichomeka topeni au ikachukuliwa na maji. Mahali palipokatwa mikoko yote iliyokomaa, basi, hapana mbegu ya kuanguka. Tena boriti hutakiwa ikiwa imenyooka, kwa hiyo msitu huweza kuonekana wa kijani kutoka mashuani, kumbe miti iliyobaki ndani ni ile iliyopinda.

Na hasara si ya mti peke yake. Maji yakipwa, utaona kaa wadogo wakiburura majani ya manjano yaliyodondoka na kuyaingiza mashimoni mwao. Mashimo hayo hupitisha hewa na maji ndani ya tope zito, na majani yaliyotafunwa hulisha vijidudu ambavyo kamba na vifaranga vya samaki huvila bamvua linapojaa. Vifaranga hao hujificha kati ya mizizi ya mkoko hadi wapate ukubwa wa kutoka nje. Mizizi hiyo hiyo hupunguza kasi ya maji, tope likatuama papo badala ya kwenda kufunika nyasi za baharini na matumbawe. Ukiondoa kivuli, tope hukauka, chumvi huzidi, kaa huhama, na hata mche uliopandwa kwa mkono hushika kwa tabu. Ndiyo maana naamini mvuvi wa Kizingitini ana haki katika mkoko sawa na mkata boriti.

Marufuku tumeshaionja. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma, mikoko ya Lamu ikiwamo, na familia zilizoishi kwa boriti zikakosa kazi. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu wafidiwe takriban shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya. Sioni haki ya kumzuia mwenye shoka peke yake ilhali mitambo ya kuchimba bahari kwa ajili ya bandari hiyo ilivuruga maji yale yale yanayolisha mkoko.

Pendekezo langu ni kwamba katika kila eneo linalotolewa leseni, mikoko mikubwa inayozaa iachwe, ukingo wa mikondo usiguswe, na eneo lililokatwa lipumzishwe mpaka miche iwe miti. Miti ya kuachwa itiwe alama kabla ya kazi kuanza, na waitie wakataji wenyewe pamoja na maafisa wa misitu, kwa sababu hakuna anayeijua mikondo ya Ndau na Kiwayu kuwapita wao. Anayetaka marufuku ya jumla atueleze watu hawa watakula nini na nani atalinda msitu wakishaondoka. Naye anayetaka hali iendelee kama ilivyo, atutajie mahali karibu na kijiji chake ambapo boriti iliyonyooka bado hupatikana bila kusafiri mbali.