Kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo watu kujua kwamba damu inazunguka?

MzaziMakole: Wakuu habari za jioni. Namsaidia kijana wangu wa kidato cha pili baiolojia, kitabu kinasema William Harvey ndo aligundua mzunguko wa damu mwaka 1628. Dogo kaniuliza swali limenishinda, watu wamechinja mbuzi na ng'ombe tangu enzi za mababu, moyo wanaushika mkononi, damu wanaiona inavyoruka, iweje mpaka 1628? Kabla ya hapo waliamini nini? Naombeni maelezo ya lugha nyepesi.

NesiDom: Mpe hongera dogo. Kuona walikuwa wanaona mkuu, ila walishakuwa na maelezo yaliyowatosha. Tabibu Galen wa karne ya 2, aliyewatibu hadi wafalme wa Roma, alifundisha kwamba ini ndo linatengeneza damu kutokana na chakula, ile damu inaenda mwilini inatumika huko huko inaisha, halafu ini linatengeneza nyingine. Na kidogo inapenya toka upande wa kulia wa moyo kwenda kushoto kupitia vitundu vidogo mno ambavyo macho hayavioni. Sasa ukipasua moyo usipoona tundu si utasema ndo vile, havionekani! Halafu damu ya vena (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) imeiva, ya ateri (mishipa inayotoa damu kwenye moyo) inang'aa, ukiambiwa ni damu mbili tofauti unakubali. Fundisho hilo limetawala zaidi ya miaka 1,400.

Chang'ombe_Dom: Nyongeza wadau, kuna mtu vitabu vya shule vinamruka na inaniuma kweli. Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus akafanya kazi Cairo, mwaka 1242 aliandika wazi kwamba ule ukuta wa katikati ya moyo ni mnene na hauna tundu, si la kuonekana wala la kutoonekana, kwa hiyo damu ya kulia lazima ipite kwenye mapafu ikutane na hewa ndo irudi kushoto. Karibu miaka 400 kabla ya Harvey! Andiko lake lilikuja kuonekana tena Berlin mwaka 1924, daktari Mmisri ndo aliliibua.

BuchaMsalato: Mimi ni mtu wa nyama hapa mnadani, mwambie dogo achukue moyo wa ng'ombe aupasue kwa urefu. Upande wa kushoto nyama yake nene kuliko ya kulia, ule ukuta wa kati ukiupitishia kidole hakipenyi popote. Ndani kuna vingozi vyeupe vimeshikiliwa na nyuzi, hizo ndo vali, yaani vimlango vinavyozuia damu isirudi nyuma.

NesiDom: Asante Bucha umesema vizuri. Sasa Harvey alichofanya ni hesabu. Alikadiria damu inayotoka kila pigo, tena makusudi akachukua kiasi kidogo, akazidisha kwa mapigo ya nusu saa, ikazidi damu yote iliyomo mwilini. Kwa vipimo vya leo mtu mzima aliyetulia moyo unasukuma kama lita 5 kwa dakika, lita 300 kwa saa, hayo ni madumu 15 ya lita 20. Ini gani litengeneze hiyo damu yote kwa ugali wa mchana? Lazima ni ile ile inarudi. Na akafunga kamba mkononi, kama sisi tunavyofunga mpira tukitoa damu, akaonyesha vena zinavimba upande wa kiganjani, maana damu inarudi kwenye moyo. Zile vali za ndani ya vena mwalimu wake Fabricius wa Padua alishazieleza, ila hakujua zina kazi gani.

MzaziMakole: Aisee nimeelewa, asanteni sana. Dogo anauliza tena, sasa huko mwishoni damu inatokaje kwenye ateri ikaingia kwenye vena?

NesiDom: Harvey mwenyewe hakuiona hiyo njia, alijua tu lazima iwepo. Alifariki 1657. Mwaka 1661 Mwitaliano Marcello Malpighi akaangalia mapafu ya chura kwa hadubini akaziona kapilari, vimishipa vyembamba vinavyounganisha pande zote mbili.