Naomba ushauri: nimeanza kutengeneza tovuti, nisakinishe programu zipi na folda nizipange vipi?

Chipukizi_wa_Kodi
Wakuu, heshima kwenu.

Nimemaliza masomo ya mwanzo ya HTML na CSS. Muda wote nilikuwa naandikia humo humo kwenye ukurasa wa mafunzo, sasa nimehamia kwenye kompyuta yangu (Windows) na ndipo nilipokwama. Video moja inasema sakinisha Node, nyingine XAMPP, nyingine Docker, na kila mmoja anaapa kwamba bila hicho chake hufiki popote. Mpaka sasa nina VS Code tu (programu ya kuandikia kodi).

La pili, folda yangu iko kwenye deskitopu, inaitwa "Tovuti Yangu Mpya". Ndani kuna index.html, Style.css na picha kibao, zote zimechanganyika. Kwangu inafunguka safi kabisa. Nikaipandisha kwenye seva ya bure nimwonyeshe rafiki: rangi hakuna, picha hakuna, maandishi matupu kwenye ukurasa mweupe. Nimefuta nikapandisha upya, hali ni ile ile. Lugha iwe nyepesi tafadhali.

Fundi Waya
Mkuu, bandika hapa mstari unaoita CSS na mmoja wa picha. Bila kuiona kodi yako tutakuwa tunapiga ramli.

Chipukizi_wa_Kodi
Hii hapa. Njia ya picha niliinakili kwenye upau wa anwani wa brauza:

`<link rel="stylesheet" href="style.css">`
`<img src="file:///C:/Users/mimi/Desktop/Tovuti%20Yangu%20Mpya/Logo.JPG">`

Fundi Waya
Basi hapo kuna matatizo mawili tofauti.

Faili yako inaitwa Style.css, kodi inaita style.css. Windows haijali herufi kubwa wala ndogo, inakufungulia tu. Seva nyingi za tovuti zinatumia Linux, na kwake hizo ni faili mbili tofauti. Ameombwa style.css, hana, anajibu 404, yaani faili haijapatikana. Ndiyo maana kwako inakubali na kule inagoma.

Picha nayo umeifunga kwenye diski yako. Brauza ya rafiki yako inaambiwa ikatafute picha kwenye diski C ya kompyuta yake yeye! Na hiyo %20 unayoiona ni nafasi zilizo kwenye jina la folda. Anwani za wavuti hazipokei nafasi tupu, kwa hiyo zinageuzwa hivyo.

Toa folda kwenye deskitopu (kompyuta nyingi deskitopu inajinakili yenyewe kwenda OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, baadaye itakusumbua), kisha panga hivi:

```
C:\miradi\
  tovuti-ya-kwanza\
    index.html
    css\style.css
    js\script.js
    picha\nembo.jpg
```

Majina yote herufi ndogo, penye nafasi weka kistari (Logo.JPG yako nimeiita nembo.jpg). Kwenye kodi unaandika `css/style.css` na `picha/nembo.jpg`, mkwaju wa mbele hata kama uko Windows. Ukiwa na ukurasa ndani ya folda nyingine, unapanda ngazi moja kwa nukta mbili: `../picha/nembo.jpg`. Jina la index.html usiliguse, maana ndilo seva inalolitafuta mtu akifungua anwani ya tovuti bila kutaja faili.

Mama Pikseli
Fundi kamaliza ya folda, mimi niseme ya programu.

Kwa hatua uliyopo: VS Code, brauza, na Git (inayotunza historia ya mabadiliko ya kodi yako). Basi. XAMPP ni ya anayeandika PHP (lugha inayoendeshwa kwenye seva) na anayehitaji hifadhidata, na kwa kawaida faili zake hukaa kwenye folda ya htdocs. Wewe hujafika huko. Docker, ya kuendeshea programu ndani ya makasha yaliyotengwa, isahau kabisa kwa sasa.

Ongeza kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza) cha Live Server ndani ya VS Code. Fungua folda nzima ya mradi, usifungue faili moja moja. Ukiiwasha, ukurasa unakuja kwenye 127.0.0.1:5500, yaani kompyuta yako inajihudumia yenyewe kama seva, na kila ukihifadhi ukurasa unajionyesha upya. Ukifungua faili kwa kuibofya mara mbili, anwani inaanza na file://, na siku ukianza moduli za JavaScript (faili za kodi zinazoitana) brauza itazizuia, utadhani kodi ndiyo mbovu.

Kobe_Mwenye_Mbio
Mama, hapo kwa kuiacha Node (inayoendesha JavaScript nje ya brauza) sikubaliani nawe. Aisakinishe mapema tu, toleo la LTS (linalotunzwa kwa muda mrefu), ataihitaji mbele. Ila node_modules (folda ya vifurushi vya kodi za watu wengine) asiipandishe popote, aiandike kwenye .gitignore, faili ya orodha ya vitu ambavyo Git ivipuuze. Ile folda huundwa upya kwa `npm install`.

Mama Pikseli
@Kobe mtu hana hata mstari mmoja wa JavaScript, node_modules ya nini? Siku somo likimdai npm (kisakinishi cha vifurushi kinachokuja na Node), ataisakinisha siku hiyo hiyo. Hawa wanaoanza wanakata tamaa kwenye usakinishaji kabla hawajaandika chochote.

Nadandia_Uzi
Samahani nadandia. Mimi nikifungua faili kwenye brauza naona kodi yenyewe, alama zote za HTML, badala ya ukurasa. Niliandika kwa Notepad.

Fundi Waya
@Nadandia hiyo faili yako jina lake halisi ni index.html.txt. Windows inaficha viendelezi vya majina, yaani ile .html au .txt ya mwishoni. Nenda kwenye menyu ya View ya dirisha la faili, ruhusu viendelezi vionekane, halafu ondoa hiyo .txt kwenye jina.

Chipukizi_wa_Kodi
Rangi zimerudi, na picha zote isipokuwa moja! Jina lake nimelikagua, hakuna nafasi wala herufi kubwa.

Mama Pikseli
Kwenye ule ukurasa wa seva bonyeza F12, nenda kichupo cha Network, pakia ukurasa upya kwa Ctrl+F5 isije ikakuletea nakala ya zamani. Mstari mwekundu wenye 404 ndio wenyewe. Soma anwani yake herufi kwa herufi mpaka mwisho, na kiendelezi pia.

Chipukizi_wa_Kodi
Aisee. Faili inaishia na .JPG, mimi nimeandika .jpg. Kamera ndiyo iliyoipa jina. Asante sana.

Kobe_Mwenye_Mbio
Tahadhari moja kabla hujaanza Git: kwenye Windows ukibadilisha tu herufi kubwa kuwa ndogo kwenye jina la faili, mara nyingi Git haioni mabadiliko, na seva inabaki na jina la zamani. Ikikutokea, tumia `git mv picha/bahari.JPG picha/bahari.jpg`. Kwa hiyo safisha majina yote sasa hivi, ndipo uandike `git init` ya kuanzisha Git kwenye mradi.