Tupeane uzoefu: Siku moja ya pwani Unguja na Pemba, kula, kunywa na magofu

Mtoto wa Malindi
Assalaam alaykum wana jamvi. Kila ikifika likizo napigiwa simu na jamaa wa bara: "Tunakuja na boti ya asubuhi, tunarudi na ya jioni, tutembeze." Wanashuka na orodha kabisa: Ngome Kongwe, kobe wa Changuu, mashamba ya viungo, pomboo wa Kizimkazi, Nungwi, na Forodhani wale pweza. Yote siku moja! Ukiwafuata mtashinda ndani ya gari, mtakula chipsi mayai njiani, na usiku picha za simu tu ndizo zitakazowaambia mlikuwa wapi.

Mie nina utaratibu wangu. Saa za chakula ndizo zinazopanga safari, historia inaingia katikati. Chakula cha hapa kina wakati wake: samaki ni asubuhi, urojo ni alasiri, Forodhani majiko yanakolea baada ya magharibi. Magofu hayana haraka, yamekaa pale tangu enzi za Seyyid Said. (Ingawa Beit el-Ajaib ilitutia adabu. Jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, kila mtu akisema "nitaingia siku nyingine", tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja ukaporomoka.)

Wageni wangu naanza nao Darajani, soko la tangu 1904. Mnadani changu, tasi na nguru wamemwagwa sakafuni, mnadi anapandisha bei haraka hata mgeni hajui nani kanunua. Mnunuzi anaashiria kwa jicho tu, biashara imekwisha. Hapo hapo tunakwenda kwa miguu hadi Mkunazini, kanisa la Waanglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa baada ya soko kufungwa mwaka 1873. Kuna alama ya mviringo sakafuni mbele ya altare, ndipo panaposemwa palisimama mti wa kuchapia watu. Nimeona watu wenye maneno mengi wakitoka pale kimya. Kwa hiyo kutoka pale siwapeleki kwenye kitu kingine cha kuhuzunisha, nawapeleka Jaws Corner wanywe kahawa chungu na kashata, wasikilize wazee wanavyobishana siasa.

Mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka, halafu dala-dala ya 502 ya Bububu, tunateremka Maruhubi kwenye magofu ya kasri. Alasiri urojo. Usiku Forodhani, kwa wanaolala.

Haya, nanyi leteni zenu. Na suala la vinywaji tulizungumze, maana wageni wengine wanauliza mvinyo. Bila kutukanana tafadhali.

Mzabibu wa Hombolo
Asante mkuu kwa kuweka uzi. Mimi ni mmoja wa hao "wanaouliza mvinyo", tena natoka Dodoma, msinishangae. Tulikwenda na mke wangu Mji Mkongwe, tukajiambia siku hiyo tutakula vya pwani na kunywa vya kwetu.

Vya pwani tulivipata kila kona, vya kwetu ndiyo ikawa kazi. Hoteli ya kwanza wakatuletea orodha ndefu ya mvinyo wa Afrika Kusini. Wa Dodoma? Kijana akasema haupo, halafu mwenzake akaukuta chini kabisa ya kabati, mwekundu, una joto la chai. Zabibu zetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi nyingi za zabibu hawalijui, halafu chupa inawekwa kama dawa ya mende!

Hoteli ya pili, juu ya paa, tukapata mweupe uliopoa vizuri. Jua linaingia baharini, majahazi yanapita, tumeletewa pweza wa nazi. Uzoefu wangu, nauandika kama mkulima: mwekundu mkavu na tui la nazi havipatani, mdomo unabaki mchachu. Mweupe uliopozwa unakubaliana na pweza, na kamba wa kuchoma ndiyo zaidi. Kukiwa na pilipili nyingi, chagua wenye utamu kidogo.

Bi Mkubwa wa Kikwajuni
Waalaykum salaam. Mwanangu wa Dodoma, kunywa kwako na hoteli yako, hatukuandami. Vileo hapa vinauzwa kwa leseni, mwenye ruhusa anauza, anayetaka ananunua. Ila usitoke na chupa mkononi ukazunguka nayo vichochoroni, pale barazani kuna watu wazima wamekaa, na msikiti uko hatua chache. Na Forodhani usiulize bia, utapewa miwa.

Miwa yenyewe ni kinywaji, wala usidharau. Inapita kwenye mashine na ndimu na kipande cha tangawizi, inatoka na povu lake. Lakini mie nitakwambia juisi ya bungo. Bungo linapasuliwa, zile kokwa zilizofunikwa nyama ya rangi ya chungwa unaziroweka, unazivuruga kwa mkono mpaka nyama iachie. Ukitia kwenye blenda ukasaga kokwa, umeharibu, inakuwa chungu. Chuja, tia sukari, weka barafu. Ukali wake unasafisha kinywa baada ya biriani kuliko hicho cha kwenu.

Safari yangu na wajukuu ilikuwa Mtoni na Kidichi. Nilifunga katlesi na boflo kwenye hotpoti, chai ya maziwa kwenye chupa, tukaondoka mapema. Mtoni ndipo alipozaliwa Bibi Salme mwaka 1844, binti wa Seyyid Said, yule aliyekuja kuondoka na Mjerumani na kuandika habari za maisha yake. Yamebaki magofu, lakini ukisimama upande wa bahari unaelewa kwa nini Sultani alipapenda kuliko mjini. Kidichi ni juu, kwenye mashamba. Kuna hamamu ya Kiajemi, yaani nyumba ya kuogea, Seyyid Said aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe aliyetoka Uajemi, mjukuu wa Shah. Tazameni kuta za ndani, maua yamechongwa kwenye chokaa. Mjukuu wangu mdogo alipiga kelele chini ya kuba, sauti ikarudi, basi ikawa ndiyo mchezo, historia yote ya bibi ikasahaulika. Sikumkataza. Tulikula katlesi zetu nje kwenye kivuli cha mikarafuu, na mwenye shamba akatuchumia hiliki mbichi.

Nahodha Mstaafu
Mmeongea yote, hakuna aliyetaja maji. Hii ni safari ya pwani au ya barabarani?

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunakuwa na bamvua, maji yanapanda na kushuka kiasi cha mita 4. Katikati hapo ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Mtu asiyejua hili asipange kwenda fungu la mchanga. Jamaa zangu walimlipa kijana mmoja pale ufukweni, simtaji, awapeleke fungu la Nakupenda wakachome kamba. Kawapeleka saa ambayo maji yameshaanza kujaa. Jiko likawashwa, kamba wakageuzwa, fungu linazidi kupungua. Mwisho mmoja kashika jiko, mwingine kashika sahani, wamekula wamesimama maji ya magotini, na kachumbari imekwenda na mkondo. Walicheka, kwa sababu walikuwa vijana. Angekuwepo mtoto mdogo ingekuwa habari nyingine.

Mangapwani vilevile, nenda maji yakiwa yamekupwa. Kile chumba cha watumwa kimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, kimefunikwa juu kwa zege na mawe, unashuka kwa ngazi. Watu hudhani ni cha zamani sana. Kinyume chake: kilitumika baada ya 1873, biashara ilipokwisha kupigwa marufuku, ndiyo maana kikafichwa mbali na mji. Ukiteremka hadi ufukweni wakati wa maji kupwa unaona jinsi jahazi lilivyoweza kuja usiku likaondoka bila mtu wa mjini kujua. Ukienda maji yamejaa, unaona bahari tu.

Kachori Moto
Mimi ni wa urojo tu, mambo ya mvinyo na magofu nawaachia wakubwa 😂

Ila jamani msile urojo mchana mkasema mmekula. Ule wa mchana ni wa wageni. Alasiri ndipo sufuria inapokuwa mpya. Mtazame muuzaji anavyojenga bakuli: viazi kwanza, bajia, kachori anaipasua kwa kijiko, mishkaki anaivua kwenye kijiti, ndipo anamwagia ule uji wa manjano wenye ukali wa embe mbichi. Chatne ya nazi juu, pilipili kwa amri yako, na mwisho chipsi za muhogo. Hizo chipsi zile upesi, zikilowa basi tena.

Mzabibu wa Hombolo
Kachori Moto, urojo na mweupe wenye utamu kidogo sijajaribu. Nawaza tu.

Bi Mkubwa wa Kikwajuni
Usiwaze.

Mpemba wa Wete
Wenzetu wa Unguja wakisema "Zanzibar" wanamaanisha Mji Mkongwe. Njooni Pemba.

Kwanza ondoeni wazo la kuja na kurudi siku moja kutoka Unguja, mtachoka bure. Laleni Chake Chake, amkeni na siku nzima mkononi. Asubuhi tafuteni mofa, ile mikate ya mtama inayobandikwa kwenye ukuta wa tanuri, mle na samaki wa kukaanga. Mtu aliyekula mofa asubuhi haulizi chakula mpaka adhuhuri imepita, ndiyo maana nasema ianze mofa.

Halafu Pujini, kusini mashariki ya Chake. Ngome ya Mkama Ndume, ya karne ya 15. Hakuna kibanda cha tiketi chenye feni wala kijana wa kukufuata, ni majani, boma na mbuyu, na mtu wa hapo kijijini atakayekusimulia. Mkama Ndume alikuwa mtawala mkali, wanasema alibebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio. Mimi kinachonivutia ni kisima. Wasimulizi wanasema alikuwa na wake wawili wasiopatana, akajenga ukuta katikati: mmoja anateka kwa kamba na ndoo, mwingine anashuka kwa ngazi, hawaonani. Nilikwenda na mama yangu na mama yangu mdogo, wakaanza kubishana ni yupi kati ya wake hao alikuwa mkubwa, mwenye kamba au mwenye ngazi. Mama anasema mkubwa hawezi kushushwa ngazi kila siku. Mama mdogo anasema ngazi ndiyo heshima. Mpaka tunarudi Chake hawajaafikiana, na wakati wa chakula wakaendelea.

Chakula chenyewe kilikuwa mseto wa choroko na mchuzi wa ngisi, kwa shangazi yetu. Hoteli sikushaurini, kama mna mwenyeji kaleni nyumbani. Nje mkeka ulikuwa umetandikwa karafuu, na hapo mgeni wetu wa bara akauliza kwa nini Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi. Jibu ni kimbunga cha mwaka 1872: kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba tukasalimika. Mpaka leo harufu ya msimu ni ya kwetu.

Jioni halua ya Wete na kahawa. Wanga, sukari, samli, hiliki na zafarani, inakorogwa kwenye sufuria kubwa mpaka mikono ya mpishi inalegea. Ya moto ndiyo halua, ya kuchukua nyumbani ni zawadi tu.

Kinywaji: dafu. Mnazi huohuo ukikatwa ncha ya karara na kufungwa kibuyu unatoa tembo, yaani pombe ya mnazi. Asubuhi ni tamu, likikaa mpaka jioni limekwisha kuchachuka, likikaa zaidi ni siki. Wapo wanaogema na wapo wanaokunywa, tusidanganyane. Lakini si kitu cha kumuonesha mgeni kama sehemu ya ziara, maana unamweka mwenyeji wako pabaya kwa majirani.

Dada wa Makunduchi
Fupi tu: Kizimkazi si pomboo peke yake. Msikiti wa Dimbani una maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi ukutani yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Watu wanapita na gari mbio kuwahi boti. Jistirini, vueni viatu, ombeni ruhusa kwa mzee anayeutunza, toeni chochote kwenye sanduku. Kisha mle kwenye vijiji vya njiani, si kwenye mabafe ya watalii. Na boti za pomboo mkizikuta nyingi zimemzingira mmoja, mwambieni nahodha arudi nyuma. Mimi nilimwambia, akanuna, lakini alirudi.

Msafiri wa Sengerema
Nimefuatilia uzi wote, asanteni. Nina swali. Sisi tuna likizo mwezi wa Ramadhani tu. Tuje au tusije? Na sisi si Waislamu.

Mtoto wa Malindi
Njoo, ila badilisha saa zote nilizoandika juu. Mchana kula na kunywa hadharani hakuna, hata maji mkononi barabarani siyo. Migahawa ya mitaani mingi inafungwa, utakula ndani ya hoteli. Kwa hiyo asubuhi na mchana fanya historia yote: Mkunazini, Ngome Kongwe, Mtoni, Kidichi. Alasiri pumzika.

Magharibi ikiadhiniwa ndipo siku yako inapoanza. Kuna uji, tende, kaimati, sambusa, ndizi za nazi, muhogo wa nazi, mkate wa kumimina, vitu ambavyo miezi mingine huvipati vyote kwa pamoja. Ukialikwa futari nyumbani kwa mtu, usikatae, na usiende mikono mitupu. Tende au matunda yanatosha. Ukifika wiki ipi nijulishe humu, nitakutafutia wenyeji.

Bi Mkubwa wa Kikwajuni
Waje kwangu. Ila huyo wa Dodoma chupa aiache hotelini.