MJADALA: Nguzo za TANESCO zimefika kijijini. Mtambo wetu wa mtoni tuufunge?

Mtoa mada

Kamwene ndugu zangu. Nina jambo linalotugawa kijijini kwetu, huku milimani Njombe, na naomba tulijadili kwa hoja.

Umeme tulikuwa nao kabla ya nguzo. Maji yanachepushwa kwenye kibanio kidogo, yanapita mferejini, yanaingia bomba la chuma na kushuka hadi nyumba ya mtambo bondeni. Mfereji ule tuliuchimba kwa zamu, kitongoji baada ya kitongoji, akina mama wakibeba mchanga na kokoto kichwani. Mtambo ni mali ya jumuiya ya watumiaji, na kila mwenye mita ana kura. Mikoa hii ina wenzetu wengi: Ludewa kuna jumuiya ya LUMAMA, Matembwe kuna kampuni ya kijiji iliyoanza zamani kabisa, miaka ya 1980, na kule Songea masista wa Chipole walijenga mtambo wa maji wa Tulila, megawati 5, ambayo tangu 2015 inauza umeme kwa TANESCO.

Sasa nguzo zimefika. Kuunganishwa ni shilingi 27,000, na mtumiaji mdogo asiyevuka uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti. Sisi tunatoza zaidi, maana fundi analipwa, grisi inanunuliwa na beringi zinachakaa. Kwenye mkutano wa mwisho karibu nusu ya watu walisema mtambo ufungwe, vyuma viuzwe.

Mimi nakataa, wala si kwa ajili ya bei. Naangalia bonde.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Kwetu ilijulikana kwa sababu mgambo walikuja, wakang'oa mahindi, wakaondoka, na wiki ya pili majembe yakarudi. Kilichobadilisha watu ni taa. Mwezi wa tisa na wa kumi, mto ukishuka, taa zinafifia ndani ya nyumba yako wewe mwenyewe. Mtu anatoka nje anauliza: nani kafungua maji kule juu? Wazee walianza kupanda mivengi, miti ya asili inayopenda maji, kwenye chemchemi bila kuletewa mradi wala posho. Mtambo ukifungwa, mita ya TANESCO haitatuambia kamwe kwamba chemchemi yetu inakauka. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kijana mwenye mashine ya kusaga

Shikamoo mzee. Nakuheshimu na mfereji nimeuchimba nikiwa darasa la sita, lakini umeme si kumbukumbu. Mimi nasaga, na jirani yangu anachomelea madirisha. Tukiwasha wote wawili saa kumi na mbili jioni, mtambo unazima na kijiji kizima kinatutukana. Kwa hiyo tunapangiana: yeye asubuhi, mimi mchana. Kiangazi ndiyo kabisa, narudi kwenye dizeli. Unaniambia nilinde mazingira wakati mashine yangu inafuka moshi miezi mitatu kwa mwaka kwa sababu mtambo wa mazingira hautoshi?

Nipeni fezi tatu za TANESCO, umeme wa mashine kubwa, nifanye kazi. Bonde tutalilinda kama raia.

Mama wa kinyungu

Ninyi nyote mnasema "bonde" kama vile lilikuwa tupu. Bonde lile nililima kinyungu tangu nimeolewa. Wasiojua: kinyungu ni tuta la bondeni, tunalima kiangazi maana udongo una unyevu wakati mlimani kumekauka. Maharage, viazi, mahindi mabichi. Januari akiba ikiisha ghalani, kinyungu ndicho kinavusha watoto. Ada za sekondari za wanangu wawili zilitoka pale.

Kamati ya umeme ilipokuja na kamba kupima mita 60, kipande changu chote kilikuwa ndani. Niliambiwa ni kwa faida ya wote. Nyumba yangu haikufikiwa na waya kwa miaka mitatu baada ya hapo, kwa sababu niko kitongoji cha juu. Nilitoa shamba, nikabaki na koroboi.

Na kamba yenu ilisimama wapi? Ilisimama kwenye mikaratusi ya mzee mwenye mali, iliyopandwa hadi mdomoni mwa chemchemi. Mti ule unakunywa maji usiku na mchana, na ukikatwa unauzwa nguzo. Nani aliupima? Siku hizi kuna parachichi pia, pampu zinavuta mtoni Septemba nzima. Mwenye jembe ndiye aliyeondolewa.

Sisemi mtambo ufungwe. Nasema msiniite adui wa maji.

Fundi mitambo

Mama, umesema neno zito, na mtoa mada asilipite haraka.

Niongeze la kazi yangu. Nguvu ya mtambo inatokana na vitu viwili: wingi wa maji na urefu wa kushuka kwake. Lita 100 kwa sekunde zikishuka mita 100 zinakupa karibu kilowati 70 ukishaondoa kinachopotea njiani. Mlima haupungui, ila maji yanapungua, na umeme unashuka nayo hatua kwa hatua: lita 60 zitakupa kilowati 40 na kidogo. Ndiyo maana kijana wetu wa mashine anateseka Oktoba. Pampu moja ya parachichi mtoni ni taa kadhaa zinazozimwa kijijini, huo ni ukweli wa hesabu tu. Mvua zikianza Novemba nako kuna yake: kama juu kumelimwa hadi ukingoni, tope linajaa mfereji, mchanga unapita chujio na kula visu vya tabini, lile gurudumu linalozungushwa na maji. Nimebadilisha tabini ambayo ingedumu miaka mingi, ililiwa na mchanga wa misimu miwili. Mashamba ya ukingoni yanaua mtambo kwa kiu na kwa tope.

Kuhusu TANESCO, watu wanasema ama hiki ama kile. Sivyo. Taratibu za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, za miradi midogo zinaruhusu gridi ya taifa ikifika, mwenye mtambo auze umeme wake kwa TANESCO, au anunue kwao kwa jumla na kusambaza mwenyewe. Tatizo ni ukubwa: mkataba sanifu wa kuuza ni wa mitambo ya kilowati 100 hadi megawati 10. Wenye kilowati 60 au 70 wako chini ya mlango huo, na kupanua kunataka mkopo. Wenye mtambo wa Mwenga kule Mufindi, megawati 4, wanaweza kuuza gridini na kuwashia vijiji. Mtambo wa saizi yenu ninashauri uwe wa kazi za mchana: mashine za kusaga, ubaridi wa maziwa, karakana, na zahanati umeme wa taifa ukikatika. Nyumba ziende TANESCO.

Na msidhani huo wa TANESCO hauna bonde. Mito ya upande wa Njombe mjini inaingia Ruhudji, Ruhudji inaingia Kilombero, Kilombero inaingia Rufiji, na Rufiji ndiyo inayojaza Bwawa la Nyerere la megawati 2,115. Waliokuwepo 2006 wanakumbuka bwawa la Mtera lilipokauka na mgao wa umeme ulivyokuwa.

Mwana wa Ukara

Nachangia kutoka Ziwa Victoria. Kisiwani kwetu gridi ndogo ya jua ilianza 2016, ya kampuni binafsi: paneli, betri, na jenereta ya akiba. Ilikuwa furaha, ila bei ya uniti ilizidi ya TANESCO mara nyingi, na wengi tuliishia taa na simu. Mwaka 2020 serikali ikaagiza gridi ndogo zitoze shilingi 100 kama ya taifa. Mama ntilie wangu alinunua friji mwezi huohuo. Lakini shilingi 100 hailipi betri, na mwekezaji akipangiwa bei ya namna hiyo haongezi paneli. Ndugu wa Njombe, ninyi angalau mtambo ni wenu. Mkipandisha bei mnajipandishia wenyewe, na mnajua pesa inakwenda wapi. Sisi hatukuwahi kuulizwa, wakati wa bei ya juu wala wa bei ya chini.

Mtoa mada

Nimesoma yote, na ya mama nimeyasoma mara mbili.

Mama yangu, ni kweli. Nilikuwa kwenye kamati iliyoshika ile kamba. Tulijihesabia haki kwa sababu sheria ilikuwa upande wetu, na hatukukulipa chochote. Nililosema kuhusu taa kuwafundisha watu ni kweli kwa waliokuwa na taa. Wewe ulifundishwa na nini?

Fundi amenishawishi kuhusu nyumba. Majumbani waende TANESCO, mtambo ubaki wa mashine na zahanati, na kijana wangu asage mchana kutwa bila kupangiwa. Ila Jumamosi kwenye mkutano nitapendekeza mambo mawili yaingie kwenye katiba ya jumuiya. La kwanza, sehemu ya kila malipo ya mashine iende kwa walioacha vinyungu, kila mwaka, kwa majina, na mita 60 zile wapewe wao kupanda mianzi. Mwanzi unashika ukingo, na ulanzi wake unauzika masika. La pili, kamba ipimwe upya kuanzia kwenye chemchemi, na pampu zote zilale mwezi wa tisa na wa kumi, za wakubwa zikitangulia.

Mwenye mikaratusi ni shemeji yangu. Nitakwenda kwake mwenyewe kesho jioni, kabla ya mkutano, nikiwa na kamba. Anayetaka kunisindikiza tukutane kwenye kibanio saa kumi.