Uzi wa ngozi: ulijuaje yako ni ya aina gani? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Habari zenu wadau. Kila penye swali la ngozi, mtu anaanza na "mimi nina ngozi ya mafuta, nipake nini?" na majibu yanamiminika. Hakuna anayemuuliza amejuaje. Leo tusitajiane majina ya losheni. Sema ngozi yako ilikuonyesha nini mpaka ukaielewa, na ulipobadilisha kitu nini kikatokea.

Naanza mimi. Paji la uso na pua vinang'aa kabla ya mchana, lakini mashavu yanavuta nikishamaliza tu kujifuta maji. Nikaosha uso kwa sabuni ya maji isiyo kali, sikupaka chochote, nikasubiri kama saa moja, halafu nikabonyeza vipande vya tishu sehemu mbalimbali. Cha puani kikatoka na doa la mafuta linalopitisha mwanga. Cha shavuni kikavu kabisa. Mchanganyiko, basi. Tangu hapo paji na shavu havipati kitu kimoja. Na ukifikiria, tezi za mafuta zimejaa usoni, kifuani na mgongoni, ilhali viganja na nyayo havina hata moja. Mwili wenyewe hauna aina moja ya ngozi.

Bintisalama
Yangu inang'aa na kubabuka kwa wakati mmoja. Watu wakiniona na mng'ao huo wanashauri niikaushe zaidi, na hapo ndipo balaa lilipo. Mafuta ni kitu kimoja, maji ni kingine. Ngozi yaweza kuwa na mafuta tele juu huku imepungukiwa maji.

Lile tabaka la juu kabisa, jembamba kuliko karatasi, ni seli zilizokwisha kufa zilizopangwa kama matofali, na saruji yake ni mafuta ya aina tatu: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ufa ukiingia kwenye hiyo saruji, maji yanatoka na viwashi vinaingia. Sasa angalia: ngozi ina uasidi kidogo, pH (kipimo cha uasidi; namba ikishuka, uasidi unapanda) karibu na 5. Sabuni ya kipande ya kawaida ni 9 hadi 10. Nikaacha kuitumia usoni, nikachukua kisafishaji chenye pH ya chini na losheni nyepesi yenye gliserini. Kuvuta kukaisha, magamba pembeni mwa pua yakaisha. Mng'ao? Uko palepale, tena sana. Tezi zinaongozwa na homoni, siyo na sabuni. Nimeshazoea, natembea na tishu.

Kijana wa Zamani
Nimekaa hapa na tishu puani, subirini majibu.

Babu Mpole
Wanangu, umri nao unabadilisha aina. Ujanani nilikuwa na chunusi mgongo mzima, leo miundi yangu ukiikwaruza kwa ukucha unaweza kuandika jina lako likasomeka. Nilichojifunza ni mpangilio. Gliserini na urea huvuta maji na kuyashika. Mafuta ya mgando hayaongezi maji hata tone, kazi yake ni kufunika yaliyopo yasiruke. Kwa hiyo nikitoka kuoga najifuta nusunusu, napaka krimu ya urea ngozi ikiwa bado na unyevu, kisha mgando juu. Ukipaka mgando kwenye ngozi iliyokwisha kukauka, umefunika ukavu. Urea inachoma penye mchubuko, msiseme sikuwaambia.

Mtu wa Dawa
Babu kamaliza. Niongeze la upande wa duka la dawa, maana nimesimama nyuma ya kaunta miaka mingi. Swali ninaloulizwa sana ni kolajeni ya kupaka, ile protini inayoipa ngozi uimara. Mwaka 2000 watafiti Bos na Meinardi walieleza kanuni ya daltoni 500 (daltoni ni kizio cha uzito wa molekuli): molekuli kubwa kuliko hapo hupenya kwa shida mno kwenye ngozi isiyo na jeraha. Kolajeni ni kama daltoni 300,000. Inalainisha juu, basi. Mwenye kuipenda aipake, ila asidhani inajaza mikunjo kwa ndani.

Jambo zito zaidi ni sehemu unayopaka. Watafiti Feldmann na Maibach mwaka 1967 walipima jinsi haidrokotisoni, dawa ya kupaka ya jamii ya steroidi, inavyopenya: paji la uso lilipitisha takriban mara 6 ya kigasha, taya mara 13, wayo kama sehemu moja ya saba tu ya kigasha. Ndiyo maana krimu kali ya steroidi iliyotolewa kwa ukurutu wa mguuni haipandi usoni. Nimeona ngozi ya mashavu iliyokonda hadi mishipa inaonekana, na mwenyewe anasema "lakini ilinitakatisha". Ilimtakatisha kweli, kwa muda.

Kipimo: krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye mstari wa kwanza ni karibu gramu 0.5, inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole.

Mweusi Tii
Kwangu chunusi hazikuwa tatizo kubwa, tatizo ni madoa yanayobaki. Kila kipele kikipona kinaacha doa jeusi, na ngozi nyeusi ndivyo ilivyo, ikiwashwa inamwaga melanini, ile rangi ya ngozi. Skrabu za kusugua zilikuwa zinaniongezea. Kilichonisaidia ni retinoidi (dawa ya jamii ya vitamini A) usiku, kiasi cha punje ya njegere uso mzima, mwanzoni usiku mmoja mmoja kwa kuruka, na sanskrini, krimu ya kukinga jua, asubuhi. Wiki za kwanza nilibabuka. Seli mpya huchukua kama mwezi kufika juu, kwa hiyo anayehukumu baada ya wiki moja anahukumu ngozi ya zamani. Halafu namba ya SPF, yaani kiwango cha kinga ya jua kilichoandikwa kwenye chupa, hupimwa kwa miligramu 2 kila sentimita ya mraba. Wengi tunapaka robo hadi nusu ya hapo, tunalaumu chupa.

Mama Kijacho
Dada, hiyo retinoidi mjamzito anaruhusiwa?

Mtu wa Dawa
Hapana, iache mpaka ujifungue, na ukinyonyesha uliza kwanza. Asidi ya azelaiki hutumika kwa wajawazito, kwa chunusi na madoa vilevile. Mwonyeshe anayekuhudumia kliniki kila unachopaka, pamoja na vile visivyo na lebo.