The Supremes na namba moja 12: ni kundi lenyewe au ni mashine ya Motown?

mpenda_santuri

Habari za humu wakuu. Nimezama kwenye nyimbo za The Supremes, wale mabinti wa Detroit, yaani Diana Ross, Mary Wilson na Florence Ballard, na kadiri ninavyosikiliza ndivyo ninavyoshangaa kwanini tukiongelea makundi ya kike ya pop watu wanaanzia miaka ya tisini. Hawa walishika namba moja kwenye Hot 100, chati kuu ya singo Marekani, mara 12 kati ya 1964 na 1969, na tano za mwanzo zilifuatana, singo baada ya singo, hakuna hata moja iliyoishia njiani. Destiny's Child wana nne, TLC nao nne. Hakuna kundi la kike lililowafikia mpaka leo.

Sasa kuna jamaa tunabishana naye, anasema hizo namba hazina uzito, ati ilikuwa ni mashine ya Motown tu, yaani kampuni iliyokuwa inawarekodi, ungewaweka mabinti watatu wowote mbele ya maiki na nyimbo zingepanda zilezile, tena anadai chati za zamani zilikuwa rahisi. Mimi moyo unakataa ila nataka hoja, sitaki kubishana kwa ushabiki. Na kingine, mbona baada ya 1967 mambo yanayumba, kuna singo zimeishia 28 na 30 huko halafu ghafla wanarudi kileleni? Na mwenye kujua albamu za kuanzia, ukiacha zile za mkusanyiko, anisaidie.

KandaNyeusi

Mkuu hilo la "mabinti wowote watatu" linajibiwa na historia yao wenyewe, hata huhitaji kwenda mbali. Hawa walisaini Motown Januari 1961 na miaka mitatu mizima hawakuwa na hiti ya maana, pale studio walikuwa wanaitwa Supremes wasio na hiti, na albamu yao ya kwanza, Meet The Supremes, ilitoka Desemba 1962 ikapita kimyakimya. Mashine si ilikuwepo? Wenzao The Marvelettes walishaipa kampuni namba moja 1961, Mary Wells akapata yake 1964 kabla yao, na Martha and the Vandellas walikuwa wanafanya vizuri kwa nyimbo za watunzi walewale Holland, Dozier na Holland, studio ileile ya West Grand Boulevard, wapigaji walewale wa Funk Brothers, James Jamerson kwenye besi na Benny Benjamin kwenye ngoma. Vandellas hawakuwahi kushika namba moja Hot 100 hata mara moja, na lile lilikuwa kundi zito kweli, sauti ya Martha Reeves ni moto. Kwahiyo mashine ileile, matokeo tofauti.

Kilichobadilika 1964 ni kwamba watunzi walipata namna ya kuitumia sauti ya Diana. Walimshusha, wakamwimbisha chini kidogo kuliko alivyozoea, ikatoka ile sauti nyepesi yenye ubaridi ambayo redio ndogo ya mfukoni au ya gari iliibeba vizuri mno. Where Did Our Love Go ndiyo ya kwanza, ikafika namba moja Agosti 1964. Wimbo huo inasemekana The Marvelettes walipewa kwanza wakaukataa, na Supremes wenyewe hawakuupenda. Usikilize tena lakini, ile ndwi ndwi ya mwanzo ni miguu inakanyaga mbao, halafu Mary na Florence wanarudia neno moja tu nyuma, baby, baby, hawafanyi mbwembwe yoyote. Ukimweka mtu mwenye sauti kubwa pale wimbo unaharibika. Kwahiyo mwambie huyo jamaa watunzi waliandikia sauti hizi hizi, hawakuandikia hewa.

chati_na_namba

Mi nitajibu hilo la chati kuwa rahisi maana linanikera kila nikilisikia. Hot 100 ilianza Agosti 1958 na ilikuwa inachanganya mauzo ya singo na kupigwa redioni, na 1964 ndio mwaka The Beatles walioingia Marekani wakafunga mlango, kuna wiki ya Aprili walikaa nafasi tano zote za juu. Ndani ya mwaka huohuo Supremes wakachukua namba moja tatu. Come See About Me ilikaa juu wiki moja Desemba, I Feel Fine ya Beatles ikaitoa kwa wiki tatu, halafu Januari 1965 Supremes wakarudi na wimbo uleule wakakaa tena. Hiyo ndiyo rahisi?

Hizi hapa tano za kufuatana: Where Did Our Love Go, Baby Love, Come See About Me, Stop! In the Name of Love, Back in My Arms Again. Ya sita, Nothing but Heartaches, ikaishia 11, na kwa kundi jingine lolote 11 ni sherehe ila pale Motown ilikuwa kama msiba, Berry Gordy, mwenye kampuni, akatoa agizo kwamba Supremes hawatatolewa wimbo usio wa namba moja. Wakaja na I Hear a Symphony, namba moja. Halafu 1966 mpaka 1967 wakaunga nyingine nne, You Can't Hurry Love, You Keep Me Hangin' On, Love Is Here and Now You're Gone na The Happening. Ukijumlisha wiki zote za zile nyimbo 12 unapata wiki 22 kileleni. Baby Love peke yake ilikaa nne, tena ndiyo iliyokuwa namba moja na Uingereza pia.

Na kuna vitu viwili watu hawavijui vinavyofanya rekodi yao ionekane ndogo kuliko ilivyokuwa. Kwanza Billboard, jarida linalotoa Hot 100, haikuchapisha chati ya R&B, yaani ya muziki wa weusi, kuanzia mwisho wa Novemba 1963 hadi Januari 1965, kwahiyo ukitafuta nafasi ya Where Did Our Love Go au Baby Love kwenye R&B ya Billboard hukuti kitu, si kwamba weusi wenzao hawakununua, ni kwamba chati haikuwepo. Pili Motown miaka ile haikuwa mwanachama wa RIAA, chama cha makampuni ya rekodi Marekani, hesabu zake za mauzo hazikukaguliwa, kwahiyo zile singo hazikupewa diski za dhahabu za RIAA wakati zinatamba. Sasa mtu wa leo anakuja anahesabu dhahabu na platinamu za makundi ya miaka ya tisini anawaweka Supremes chini, hesabu hiyo haijakaa sawa hata kidogo.

Binti wa Sauti ya Pili

Nyote mmeongea vizuri ila tusiwe waoga wa kusema na upande wa pili, huyo jamaa ana kipande cha ukweli. Motown kulikuwa na kikao kila Ijumaa, nyimbo zinasikilizwa na kupigiwa kura, unaofeli hautoki. Kulikuwa na Cholly Atkins wa kufundisha steps, Maurice King wa muziki wa jukwaani, Maxine Powell wa kufundisha kutembea, kukaa, kuongea na waandishi. Na mbaya zaidi, kuna namba moja mbili kati ya hizo 12 ambazo Mary Wilson hasikiki kabisa.

Love Child ya 1968 sauti za nyuma ni The Andantes, waimbaji wa studio. Someday We'll Be Together ya 1969 hivyohivyo, Mary na Cindy Birdsong, aliyechukua nafasi ya Florence, hawamo, ulikuwa unaandaliwa uwe wimbo wa Diana peke yake, na ile sauti ya kiume inayomtia moyo mle ndani ni prodyuza Johnny Bristol ambaye aliutunga na kuurekodi mwenyewe na mwenzake mwaka 1961. Ukatolewa kwa jina la kundi kwa sababu ulifaa kuwa wa kuaga, ukawa namba moja ya mwisho ya miaka ya sitini Hot 100. Mimi huo wimbo naupenda sana na unaniuma sana, kundi linaimbiwa kwaheri na watu wengine huku wenye kundi wapo hai na sauti zao nzima.

Ndio maana nasema zile za 1964 hadi 1967 ndizo za kubishania, maana mle ni wao watatu kweli. Vaa hedifoni usikilize nyuma ya Diana kwenye Come See About Me. Florence alikuwa na sauti kubwa kuliko wote pale, ndiye aliyelianzisha kundi tangu wakiitwa The Primettes, na walimfungia kwenye kuitikia. Tukihesabu namba moja tunamhesabia nani? Mi naona yeye na Mary wana sehemu sawa na Diana kwenye zile kumi za kwanza.

mpenda_santuri

Dada hapo kwenye Florence umenigusa. Lakini basi hapo katikati kilitokea nini? Yaani toka The Happening 1967 mpaka Love Child mwisho wa 1968.

KandaNyeusi

Vilivunjika vitu viwili karibu kwa pamoja. Katikati ya 1967 Florence akatolewa, akaingia Cindy Birdsong kutoka kundi la Patti LaBelle, na jina likabadilishwa likawa Diana Ross & the Supremes. Singo ya kwanza kwa jina hilo, Reflections, ilifika namba mbili, ikazuiwa na Bobbie Gentry na Ode to Billie Joe, na kwa maoni yangu ndio wimbo wao mkali kuliko wote, ile milio ya ajabu ya mwanzo, hakuna aliyetegemea kitu kile kwa Supremes. Halafu Holland, Dozier na Holland wakagombana na kampuni kuhusu pesa wakaacha kazi, ikaenda mpaka mahakamani. Hawa ndio walioandika namba moja kumi za kwanza zote. Forever Came Today, mojawapo ya kazi zao za mwisho na kundi, ikaishia 28, iliyofuata ya watunzi wengine, Ashford na Simpson, ikaishia 30.

Love Child ilitokana na Gordy kukusanya watunzi kadhaa wajifungie waje na kitu, na wakaja na hadithi ya binti aliyezaliwa nje ya ndoa akakulia kwenye umaskini, mada ambayo Supremes wa magauni ya kumetameta hawakuwahi kuigusa. Ndiyo iliyoitoa Hey Jude baada ya wiki tisa kileleni. Kwahiyo hata bila wale watunzi watatu ilikuwa inawezekana, ila haikudumu.

kaseti_upande_B

Mimi nakuja na la albamu maana naona mmeruka. Anza na Where Did Our Love Go ya 1964, ilikuwa na namba moja tatu ndani yake, ikafika namba mbili chati ya albamu. Kisha The Supremes A' Go-Go ya 1966, hiyo ni lazima, ndiyo albamu ya kwanza ya kundi la kike kushika namba moja Marekani, na iliitoa Revolver ya Beatles. Nusu yake ni marudio ya nyimbo za Motown ila raha yake iko palepale.

Katikati hapo kuna vitu vya kupita haraka tu, walirekodishwa albamu ya nyimbo za makundi ya Uingereza, ya country, ya klabu ya Copa, Gordy alitaka wakubalike kila ukumbi. Ya kumuenzi Sam Cooke, 1965, ndiyo ya kutulia nayo, Florence anapewa wimbo mzima mle, (Ain't That) Good News. Usikilize huo mara mbili.

Na usiishie 1970 Diana alipoondoka. Jean Terrell akaingia, na mwaka huohuo Up the Ladder to the Roof ikafika 10, Stoned Love ikafika 7 Marekani na 3 Uingereza, na kwenye hizo Mary anasikika. Tafuta albamu ya New Ways but Love Stays, kisha rudi hapa utuambie umeonaje.