Kozi za muda za kompyuta chuoni: nani awajibike kwa lipi baada ya saa za ofisi?

Mratibu Mpya ameuliza:

Nawasalimu wote. Nimekabidhiwa uratibu wa kozi za muda za kompyuta katika chuo, yaani zile zinazosomwa na watu wenye ajira zao, jioni za siku za kazi na Jumamosi asubuhi. Masomo ni utangulizi wa uprogramu kwa Python, hifadhidata, misingi ya mitandao, na mradi wa mwisho. Ninaowategemea ni mkufunzi mmoja wa kudumu ambaye pia ana vipindi vya mchana, wakufunzi kadhaa wa mkataba wanaolipwa kwa saa, fundi wa maabara ambaye zamu yake huisha saa 11 jioni, na karani wa masomo anayehudumia idara nzima.

Watu ni wachache, lakini linalonisumbua zaidi ni kwamba hakuna mahali palipoandikwa nani anawajibika kwa jambo gani. Mwanafunzi aliyesahau nenosiri humwendea mkufunzi, mkufunzi humwelekeza kwa fundi, fundi ameshaondoka, na kipindi kinakwisha hivyo hivyo. Uongozi umependekeza kwamba mkufunzi wa jioni afanye kila kitu, pamoja na kufungua maabara na kutengeneza mashine, kwa hoja kwamba yeye ni mtu wa kompyuta. Je, kwa uzoefu wenu majukumu haya yagawanywe vipi? Na iwapo fedha zinatosha kuongeza saa za mtu mmoja tu, aongezewe nani?

Mratibu wa Miaka Mingi amejibu:

Ndugu Mratibu Mpya, hongera na pole kwa pamoja, kwa maana kazi uliyopewa haionekani mpaka iharibike. Hoja ya uongozi ni dhaifu: anayefundisha hifadhidata hana sababu ya kujua kwa nini projekta haiwaki, kama ambavyo fundi hatarajiwi kufundisha hifadhidata.

Kabla ya kugawa majukumu, tazama hali ya mwanafunzi mwenyewe. Wa mchana akikuta akaunti yake haifunguki, hurudi kesho yake asubuhi. Wa kwako, ikiwa ana jioni mbili kwa wiki, akipoteza moja amepoteza nusu ya muda wake wote wa kukaa na mwalimu katika wiki hiyo. Kwa hiyo kila jukumu lipewe mtu anayeweza kulimaliza kabla kipindi hakijaisha, hata kama cheo chake hakilingani nalo sana.

Ukifuatilia matatizo ya wiki ya kwanza, mengi utayakuta yameanzia ofisini na wala si maabara. Katika vyuo vingi akaunti hutengenezwa kutokana na orodha ya usajili, na wanafunzi wa muda mara nyingi hukamilisha usajili wakiwa wamechelewa, kwa kuwa baadhi yao husubiri waajiri wawalipie ada. Ambaye jina lake halijaingia kwenye orodha hana nenosiri, hawezi kuingia kwenye jukwaa la kujifunzia, liwe Moodle au jingine, na pengine hata kadi yake ya mlangoni haifanyi kazi. Karani akifunga ofisi kabla watu hao hawajatoka makazini mwao, anayebaki jengoni hana mamlaka ya kurekebisha chochote. Mimi ningesogeza zamu ya karani katika wiki 2 za mwanzo za muhula, aingie kazini baadaye na abaki hadi vipindi vya jioni vianze. Hilo halihitaji fedha mpya. Pia fundi aandae mapema akaunti chache za wageni, ambazo mkufunzi anaweza kumpa aliyekwama azitumie jioni hiyo, kisha zifungwe usajili ukikamilika.

Wewe mwenyewe bakia na jukumu la vitini, wala usilikasimu. Wakufunzi wa mkataba huja kila mmoja na maandishi yake, na mwanafunzi anayehama kutoka darasa la Jumanne kwenda la Jumamosi hujikuta anasoma kozi nyingine. Python 3 ilitolewa mwaka 2008 na msaada rasmi wa Python 2 ulikoma tarehe 1 Januari 2020, lakini bado kuna vitini vinavyoandika amri ya print bila mabano, mtindo wa Python 2 ambao Python 3 haiukubali. Anayeanza hunakili, hupata ujumbe wa kosa, na hujidhania kuwa hana akili ya kompyuta. Open University ya Uingereza, iliyoanza kufundisha mwaka 1971, ilitenganisha kazi hizi: timu ya kozi huandaa masomo, na wakufunzi wa muda huongoza vikundi, husahihisha na kumwandikia maoni mwanafunzi mmoja mmoja. Chuo kidogo hakiwezi kuiga muundo wote huo, lakini kinaweza kuamua kwamba kitini cha kila somo ni kimoja na kina mwenyewe.

Fundi wa Maabara amejibu:

Nakubaliana na mengi aliyoyasema mratibu aliyetangulia, ila kuhusu saa za nyongeza sioni shaka: ziende kwa fundi. Nasema hivi nikijua kwamba nitaonekana najipigia debe.

Kitengo cha mitandao cha chuo hupenda kufanya matengenezo ya seva na kusakinisha masasisho baada ya saa za kazi, ili wasiwasumbue watu. Kwa ratiba ya mchana huo ni uungwana. Kwa kozi yako, ni katikati ya somo. Mashine zinaanza kujizima na kujiwasha upya saa 1 usiku huku mkufunzi akiwa ubaoni. Jambo la kwanza ambalo fundi wa jioni hulifanya, na ambalo mkufunzi wa mkataba hawezi kulifanya kwa sababu hajui hata ampigie nani, ni kupeleka ratiba ya vipindi kwa kitengo hicho na kukubaliana nao saa ambazo hakuna kitakachoguswa.

La pili ni diski. Maabara nyingi zimewekewa programu inayorudisha mashine katika hali yake ya awali kila inapowashwa, na ni kinga nzuri, lakini mwanafunzi aliyehifadhi kazi yake kwenye eneo la kazi la mashine hiyo ataikosa wiki ijayo. Wa mchana hulijua hilo upesi kwa kuambizana. Wa jioni hawana nafasi ya kukaa na kuambizana. Lazima awepo mtu wa kuwaelekeza, siku ya kwanza, mahali salama pa kuhifadhi, na awe na nakala rudufu za eneo hilo.

La tatu ndilo linalokula muda wangu kuliko yote: kompyuta za nyumbani. Mwanafunzi wa muda hufanya sehemu kubwa ya kazi zake nje ya maabara, kwenye mashine ambazo hatukuzichagua. Mmoja bado anatumia Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025; mwingine ana kompyuta ya Apple ya chipu za M1 au za baada yake, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2020, na kompyuta pepe (programu inayoiga kompyuta nzima ndani ya nyingine) tuliyoiandaa kwa ajili ya chipu za Intel haifanyi kazi ipasavyo kwake. Mkufunzi akitoa maelekezo yaliyojaribiwa kwenye mashine yake peke yake, nusu ya darasa itakwama. Kwetu maelekezo ya usakinishaji huandikwa na mkufunzi, lakini hayatolewi mpaka fundi ayapitishe hatua kwa hatua kwenye mashine tupu ya kila aina. Watakaoshindwa kabisa huwekewa mazingira ya kufanyia kazi kupitia kivinjari, yaliyo kwenye seva ya chuo, ambayo bila shaka nayo yanahitaji mtu wa kuyaangalia usiku.

Mkufunzi wa Mkataba amejibu:

Ndugu zangu, mmezungumzia milango, akaunti na mashine, nayo ni kweli tupu. Naomba nizungumzie kazi ambayo haimo kwenye mkataba.

Malipo kwa saa mara nyingi huhesabu saa za darasani tu. Chukua darasa la watu 24 na kazi moja ya uprogramu. Kusoma msimbo wa mtu, kuuendesha, kutafuta ulipokosea na kumwandikia maoni yatakayomsaidia huchukua dakika 20 ukiwa mwepesi. Hizo ni dakika 480, sawa na saa 8, kwa kazi moja ya somo moja. Mkufunzi asiyelipwa kwa saa hizo atafanya mojawapo ya mambo mawili: atajitolea mpaka achoke aache, au ataandika alama bila maoni. Chuo hakitaona tofauti kwenye jedwali la matokeo, ila mwanafunzi ataiona.

Wengine watasema majaribio ya kompyuta, yaani programu ndogo zinazoendesha msimbo wa mwanafunzi na kukagua majibu yake, yasahihishe. Yanasaidia, nami nayatumia, lakini jaribio hutazama kama jibu limetoka sahihi. Haliwezi kumweleza mtu kwa nini programu yake yenye mistari 200 ingeandikwa kwa 30. Isitoshe, mtu anapaswa kuyaandika majaribio hayo, na hizo nazo ni saa.

Kisha kuna suala la kazi zisizo za mwanafunzi mwenyewe. Mfumo wa Moss wa Chuo Kikuu cha Stanford, unaotumika tangu 1994, hulinganisha misimbo na kuonyesha inayofanana, lakini hautoi hukumu. Mkufunzi ndiye anayekaa akachunguza kama ufanano umetokana na kunakili au na mfano uliotolewa darasani. Tangu ChatGPT ilipotolewa mwezi Novemba 2022 hata ulinganisho huo umepungua nguvu, kwa kuwa msimbo unaweza kuwa mpya kabisa na bado usiwe wa aliyeuwasilisha. Njia ninayoiamini ni kumwita kila mmoja anieleze kazi yake kwa dakika 10: kwa nini umeweka kitanzi hapa, na nikibadilisha mstari huu kitatokea nini? Kwa darasa lile lile hizo ni saa 4 nyingine. Msinielewe vibaya, sipingi fundi kuongezewa saa. Nasema tu kwamba mradi wa mwisho usipangiwe utetezi wa mdomo ikiwa hakuna aliyepangiwa malipo ya kuusikiliza.

Wengi wetu pia tuna ajira nyingine, na ndiyo sababu mlitutafuta. Mwenye kusimamia mitandao ya kampuni mchana hufundisha mitandao kwa mifano hai, lakini mtandao huo ukianguka saa 11 jioni, darasani hatafika. Kwa kila somo mteue mbadala anayekijua kitini, na alipwe anapoitwa.

Mhitimu wa Masomo ya Jioni amejibu:

Nitaongeza jambo moja kutoka upande wa aliyesoma. Kilichotuumiza zaidi ni kutojua nani mwenye mamlaka ya kuongeza muda wa kuwasilisha kazi. Mtu akipangiwa zamu ya ghafla kazini siku ya mwisho, mkufunzi humwambia aandikie ofisi, ofisi humwambia azungumze na mkufunzi. Mkufunzi apewe uwezo wa kuongeza hadi wiki 1 kwa idhini yake mwenyewe, na zaidi ya hapo iwe kwa mratibu.

Mratibu Mpya ameandika tena:

Nawashukuru. Nimeelekea kwenye hatua hizi: zamu ya karani isogezwe mwanzoni mwa muhula, fundi aongezewe saa mpaka saa 3 usiku katika jioni za masomo, na mikataba ya muhula ujao itaje saa za kusahihisha na za utetezi wa mradi, hata ikibidi tupunguze idadi ya kazi za kila somo kutoka nne hadi tatu. La muda kwa wanafunzi nimelichukua kama lilivyo. Limebaki swali moja kwa Fundi: Jumamosi fundi wetu hatakuwepo. Je, ni salama kumpa mkufunzi nenosiri la msimamizi wa mfumo ili awasaidie wanafunzi waliofungiwa akaunti?

Fundi wa Maabara amejibu:

Usimpe nenosiri hilo, wala usiruhusu litumiwe na watu wawili, maana likitumika vibaya hutajua ni nani. Mifumo mingi ya kusimamia akaunti inaruhusu kumkasimia mtu uwezo mmoja tu, kwa mfano kubadilisha nenosiri la wanafunzi waliomo katika kundi fulani, bila kuweza kugusa akaunti za wafanyakazi wala mipangilio ya seva. Omba kitengo cha mitandao kimpe mkufunzi wa Jumamosi uwezo huo kwa akaunti yake mwenyewe, uishe tarehe muhula unapoisha, na kila anapoutumia ibaki kumbukumbu. Ombi hilo lipeleke mapema, kwa sababu nao ofisi yao haifunguliwi Jumamosi.